Frankenstein: vumilieni barua nne za mwanzo

Riwaya hii nilipendekezewa na watu watatu, na ungedhani wanazungumzia vitabu vitatu tofauti. Wa kwanza alisema inatisha. Wa pili akasema haitishi hata kidogo, ni mwanasayansi tu anayelia mwanzo mpaka mwisho. Wa tatu aliiacha njiani, kwenye barua. Huyo namwelewa, maana mara ya kwanza na mimi niliishia hapohapo. Safari hii nimeimaliza, na nina neno kwa kila mmoja wao.

Nianze na barua. Mary Shelley anafungua riwaya kwa barua 4 za Walton, mtu aliyekodi merikebu, anayemwandikia dada yake akiwa safarini kuelekea Ncha ya Kaskazini. Zinajikokota, sibishi. Lakini msiziruke. Walton ana uchu uleule uliomponza Victor Frankenstein, yule mwanasayansi, na Victor anapookotwa kwenye barafu akiwa taabani, anamsimulia yaliyomkuta ili amwonye. Ukiruka barua, hutajua maneno yote yanayofuata anaambiwa nani.

Halafu jina. Frankenstein ni muumbaji. Kiumbe wake hana jina tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Victor anahangaika karibu miaka miwili kumuunda, kisha usiku mmoja wa Novemba jicho la manjano linafunguka, naye anatoka chumbani mbio. Hakumsemesha hata neno moja.

Anayesema haitishi nadhani alisoma kwa haraka sura za katikati, pale kiumbe anaposimulia mwenyewe. Kwangu hapo ndipo penye utamu wote. Amejibanza kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini, anawachungulia kupitia ufa mdogo ukutani. Anagundua kwamba sauti wanazotoa zina maana, na maneno ya kwanza anayoyapata ni moto, maziwa, mkate na kuni. Usiku alikuwa akiwaibia chakula. Alipoona vijana wanamwekea baba yao kipofu chakula huku wao wakilala njaa, akaacha, akawa anakula matunda ya porini na mizizi. Kisha akaanza kuchukua zana za yule kijana wa kiume usiku, akawakatia kuni za kutosha siku kadhaa na kuwaachia nje. Wao hawajui nani kazileta. Nilirudia ukurasa huo mara tatu.

Mwenzangu aliyeniambia inatisha, yeye hamhurumii kiumbe hata chembe, na tumebishana sana. Mimi nilishikilia kwamba kosa lote ni la Victor. Akaniuliza: na Justine, yule mtumishi wa nyumbani kwa akina Victor? Nikarudi kusoma. Kweli, kiumbe amekwisha kumnyonga mtoto William, mdogo wake Victor, kisha anamkuta Justine amelala, anamtilia ile picha ndogo aliyoivaa mtoto kwenye nguo zake ili lawama imwangukie. Binti wa watu ananyongwa kwa kosa asilolifanya. Kuua kwa hasira ningeweza kukutafutia maelezo. Hili la picha alilipanga kwa akili timamu, akili ileile iliyojifunza neno mkate kupitia ufa. Nimekubali kwamba mwenzangu alikuwa ameona nilichokifumbia macho, ingawa Victor bado simsamehe: alijua Justine hana hatia, akanyamaza mahakamani.

Wanaotaka kununua watazame toleo. La kwanza lilitoka 1818 bila jina la mwandishi, ambaye alianza kuliandika akiwa na miaka 18. Mwaka 1831 alilifanyia marekebisho, na humo Victor anaonekana zaidi kama mtu anayesukumwa na majaaliwa. Mimi nachagua la 1818, kwa kuwa humo uamuzi ni wake na mzigo anaubeba mwenyewe. Mengi yanayouzwa ni ya 1831, basi angalieni utangulizi kabla hamjalipa.

Kasoro ninayoiona ni Elizabeth, mchumba wa Victor. Kazi yake kubwa ni kuandika barua na kusubiri, ilhali hata mabaharia wa Walton wana la kusema.

Nakala yangu nimempa yule aliyekwama. Nimechomeka kipande cha karatasi pale kwenye kuni, ili ajue anaelekea wapi.