BlueStacks 5 kwenye laptopu ya mtumba: mpangilio mmoja wa kuangalia kabla hujatoa hela

Mambo vipi wadau wangu, karibuni. Leo salamu fupi, maana hiki nilichonacho hapa kimeninyima usingizi siku tatu. Hii ni ThinkPad T460, mtumba wa Kariakoo, RAM 8GB. Na hiyo mnayoiona kwenye skrini ni Free Fire, gemu yenyewe ya simu, naicheza kwa kibodi na mausi.

Kinachofanya kazi hapo ni BlueStacks 5, emuleta inayotengeneza simu ya Android ndani ya Windows. Mambo ya kupakua, kusakinisha na kuingia Play Store mnayajua, nayaruka. Nataka muone vitufe, maana hapo ndipo iliponiteka.

Sogea uone. Pembeni kulia kuna alama ya kibodi. Naifungua, naingia sehemu ya kuhariri. Umeona? Juu ya gemu zimetokea herufi. W, A, S na D zimekaa kushoto chini, palepale ambapo kwenye simu ungeweka kidole gumba ili utembee. Sasa tazama batani ya ukuta wa gloo, ule ukuta wa kujikinga na risasi. Sipendi ilivyopangwa, kwa hiyo nachukua kile kialama cha kugusa, nakiburuta mpaka juu yake, naandika Q, nahifadhi. Narudi kwenye mechi. Nakimbia kushoto, nalenga, mtu kanitokea, Q! Ukuta umesimama na mguu haujasimama. Ngoja nirudie taratibu... W imekandamizwa bado, mausi inalenga bado, kidole kimoja tu kimegusa Q. Kwenye simu vidole gumba viwili ndivyo vinafanya kila kitu: ukitaka ukuta, lazima kimoja kiache kulenga. Na hiyo nusu sekunde ndiyo unayouliwa nayo, ndugu yangu!

Kuna na F1. Nikibonyeza, mshale wa mausi unapotea, nikisogeza mausi jamaa anageuza kichwa. Nikibonyeza tena mshale unarudi, nafungua begi. Wengi mnaniandikia kwamba mausi haigeuzi mchezaji. Jibu ni hiyo F1.

Sasa niseme kilichonikera, na hiki kinahusu pesa yako. Kabla ya hii nilikuwa na laptopu nyingine, niliinunua kwa muuzaji ambaye simtaji. Emuleta ileile, gemu ileile, ikawa inakwamakwama mpaka sauti inakatika. Nikailaumu BlueStacks wiki nzima, na hapa hapa niliwaambia ni nzito. Naifuta kauli hiyo. Tatizo lilikuwa mpangilio unaoitwa Virtualization. Prosesa inao, ila ulikuwa umezimwa, na bila huo simu yako ya ndani ya kompyuta inabeba mzigo kwa tabu. Unawashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe unayoingia kabla Windows haijafunguka: ThinkPad unabonyeza F1 wakati inawaka, HP ni F10, Dell ni F2. Naingia BIOS, inaniomba nenosiri! Ilikuwa mashine ya ofisi huko ilikotoka, waliifunga, na muuzaji hana hata habari. Ikabaki hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukienda dukani, kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda Performance, bofya CPU, soma pale chini: Virtualization. Ikiwa Enabled, endelea kukagua betri. Ikiwa Disabled, mwambie muuzaji aizime laptopu, aiwashe na aingie BIOS mbele yako. Akikwama kwenye nenosiri, weka pesa mfukoni.

Wa LDPlayer, ile emuleta nyingine, najua mpo, na kweli ni nzuri, video yake inakuja. Anayecheza PUBG Mobile pekee atazame GameLoop ya Tencent, na ajue gemu ile inawatambua watu wa emuleta na kuwakutanisha wao kwa wao. Ile njia ya Microsoft ya kuendesha programu za Android ndani ya Windows 11 msiisumbukie, walisitisha huduma yake Machi 2025. Na chochote unachopakua, pakua kwenye tovuti ya wenyewe.

Bei? BlueStacks ni bure, unavumilia matangazo. Gharama ipo kwenye bando, maana emuleta unaishusha, halafu gemu unaishusha upya, kilichopo kwenye simu yako hakihesabiki. Wanasema RAM 4GB inatosha kuanzia. Itafunguka, ndiyo, lakini funga Chrome kwanza. Mimi hii nimeipa kori mbili za prosesa na inateleza. Programu za benki msizitegemee humo, nyingi zikigundua ni emuleta zinagoma kufunguka.

Kuanzia wiki hii video zinatoka Jumamosi jioni, si Jumatano tena, wengi mliomba kwa sababu ya kazi. Kama hujabonyeza kengele, bonyeza. Na ukikagua mashine yako leo, niandikie hapo chini modeli yake na neno ulilolikuta, Enabled au Disabled. Nitakujibu unaingiaje BIOS ya mashine hiyo. Mimi nabaki na mechi hii, tumebaki sita, na ukuta ninao mmoja...