TAHADHARI TANGA: Chupa za "peptidi za bahari" zinazodaiwa kutibu saratani

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mnaouguza, kuna mtu anazunguka Ngamiani na kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza "peptidi asilia za jongoo bahari". Anadai zinayeyusha uvimbe wa saratani ndani ya mwezi. Chupa moja shilingi 180,000, na anakulazimisha uchukue tatu, eti ndiyo dozi kamili.

Mama mdogo wangu aliuziwa. Chupa yenyewe nimeishika: karatasi ya kuprinti imebandikwa juu ya lebo ya sharubati, haina namba ya usajili wala tarehe ya kuisha muda. Ukifungua, inanuka asali na siki. Jina linalotokea ukimtumia hela kwa simu silo analojiita. Hela inauma, lakini kikubwa ni kwamba alimwambia aache kwanza dripu za hospitali kwa kuwa "zinaua nguvu ya peptidi". Mama wa watu akaacha kwenda kliniki Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na uvimbe ukazidi kukua.

Huyu bwana anachanganya kweli na uongo, ndiyo maana hata waliosoma wananasa. Kweli, peptidi ni vipande vidogo vya protini, na zipo za asili zilizozaa dawa za saratani. Bleomisini na daktinomaisini zimetokana na bakteria wa udongoni, na hospitali zinazitumia hadi leo. Hata Bahari ya Hindi imo: dolastatini 10 ilitokana na mnyama laini wa jamii ya konokono aliyekusanywa Morisi mwaka 1972. Ila ilipojaribiwa kwa wagonjwa kama ilivyo, haikufaa. Wataalamu wakatengeneza inayofanana nayo, wakaifunga kwenye kingamwili (protini ya kinga ya mwili) inayoifikisha kwenye seli za saratani. Hiyo ndiyo brentuximab vedotin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Karibu miaka 40 ya kazi!

Tena dawa zote hizo mgonjwa hupewa kwa sindano au dripu. Peptidi nyingi ukizinywa, tumbo huzimeng'enya kama linavyomeng'enya samaki wa mchana.

Mwenye chupa asiitupe. Ipelekeni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) pamoja na ujumbe wa malipo. Na kama mgonjwa wenu ameshaanza kuinywa, mrudisheni kliniki wiki hii hii, mkamweleze daktari kila kitu, hata hizo tarehe alizoruka.