Nililipeleka gemu langu la kivinjari Steam

Gemu langu la mafumbo lilichezwa bure kwenye kivinjari kwa miaka miwili. Nilipoamua kulipeleka Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, nilidhani kazi ni kujaza fomu na kulipa. Kumbe hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Unalipa dola 100 kwa kila gemu, na unarudishiwa likishaingiza dola 1,000. Tangu ulipe unasubiri siku 30, na ukurasa wa kulitangaza lazima ukae hadharani walau wiki mbili. Kusubiri hakukuniudhi. Muda wenyewe niliuhitaji kuliko nilivyojua.

Steam haiuzi anwani ya tovuti, inataka programu. Nikalifunga gemu ndani ya Electron, zana inayogeuza ukurasa wa wavuti kuwa programu, maana yake unabeba Chromium, yaani kivinjari kizima, mgongoni: megabaiti 6 zikavuka 200. Hilo nililitarajia. Nisichokitarajia ni yaliyomkuta rafiki yangu niliyempa ajaribu. Gemu likajaza skrini, akacheza, akataka kutoka. Akabonyeza Esc, kimya. Akapekua menyu yote, hola. Miaka miwili sikuwahi kuweka kitufe cha "Toka", kwa sababu kwenye kivinjari mtu hufunga kichupo akaenda zake. Yeye akaishia kuzima kompyuta.

Lakini kilichoniumiza hasa ni kuhifadhi mchezo. Hatua za mchezaji nilikuwa naziweka kwenye localStorage, hifadhi ndogo ya ndani ya kivinjari. Siku chache kabla ya kulitoa nikaongeza neno moja kwenye jina la programu. Electron huipa folda ya data, inamokaa localStorage, jina hilohilo, basi ikafungua folda mpya, tupu, na mafumbo 40 niliyokwisha kuyamaliza yakaanza upya. Bora ilikuwa mimi na si mteja! Nikaandika sehemu ile upya ihifadhi kwenye faili la kawaida, ambalo hata Steam Cloud inaweza kulihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Kuhusu ile asilimia 30 ya mauzo ambayo Steam inakata, sina neno. Kwenye kivinjari nilikuwa nachukua asilimia mia ya sifuri.

Kinachonitia tumbo joto ni urefu wa gemu. Mnunuzi anaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama amecheza chini ya saa mbili, na langu linaisha kwa saa moja na nusu. Waliorudisha ni wachache. Mmoja aliacha sababu: "Nimelimaliza. Tamu sana."