Nililipa shilingi 40,000 kusikiliza habari: uzoefu wangu Kampala

"Shangazi, Jumamosi funga duka saa kumi, nakupeleka kusikiliza habari."

Hayo ni maneno ya mtoto wa kaka yangu, anayesomea uandishi wa habari pale Makerere. Nikamuuliza, habari gani hizo za kufungia duka? Pale dukani Kikuubo redio yangu huanza kelele kabla sijafungua kufuli la pili. Habari nazipata bure, nyingine hata sizitaki. Sasa nilipe 40,000 nikakae kwenye kiti cha plastiki, niambiwe kilichotokea? Hiyo ni faida ya vitenge kadhaa. Lakini kijana alishanunua tiketi ya kwake kwa pesa ya kulia chuoni, nikaona haya kumkatalia.

Kwa ambaye hajawahi kwenda kwenye habari za jukwaani: waandishi wa habari wenyewe, si waigizaji, wanapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anasimulia habari aliyoifuatilia kwa miguu yake. Nyuma kuna picha ukutani, pembeni siku ile alikaa mpiga adungu, ala yetu ya nyuzi. Ni usimulizi, lakini kila jina na kila tarakimu imehakikiwa kama ya gazetini. Kijana wangu, ambaye akianza kueleza hajui kunyamaza, aliniambia njiani kwamba Wamarekani waliuanza mtindo huu San Francisco mwaka 2009 wakauita Pop-Up Magazine, Paris wakaja na Live Magazine mwaka 2014, na kule Helsinki gazeti la Helsingin Sanomat likawapandisha waandishi wake jukwaani mwaka 2016. Nikamwambia sisi tulikuwa na NewzBeat, wale vijana waliokuwa wakisoma habari kwa kurapu kwenye televisheni tangu 2014, kwa hiyo asiniletee Helsinki kana kwamba Kampala tulikuwa tumelala.

Mlangoni tuliambiwa tuzime simu. Hakuna kurekodi, hakuna kupiga picha. Usipokuwepo, umekosa. Mimi nina wateja wanaotuma oda usiku, nikaizima kwa shingo upande.

Wa kwanza alizungumzia uchimbaji wa mchanga kule Lwera, kwenye barabara ya Masaka. Habari nzito, maana ile ni ardhi oevu ya Ziwa Viktoria na malori yanaibeba mchana kweupe. Lakini ndugu yetu alishika karatasi, akainamisha kichwa, akasoma mwanzo hadi mwisho. Spika zilikuwa zikinguruma kama friji bovu. Nikasinzia, sitaficha. Kama ni kusomewa, redio yangu inasoma vizuri zaidi na hainidai kitu.

Wa tatu ndiye aliyenirudishia pesa yangu. Dada mmoja mwembamba, aliingia ameshika gambuti mkononi, akaziweka sakafuni mbele ya maikrofoni, akarudi nyuma hatua mbili. Akanyamaza. Sisi nasi tukabaki tunaziangalia gambuti. Halafu akaanza: Agosti 2024, jalala la Kiteezi limeporomokea nyumba za watu, na yeye ametumwa na mhariri wake. Njiani alimsimamisha mtu wa boda akanunua gambuti ili asichafuke. Watu zaidi ya 30 walikufa pale, sote tulizisikia hizo hesabu wakati ule. Yeye hakukaa sana kwenye hesabu. Alisimulia jinsi alivyomsogelea mama mmoja aliyekuwa akingoja, akamwekea kipaza sauti mdomoni, akamuuliza, "Nyabo, unajisikiaje?" Yule mama hakujibu. Aliinamisha macho akamtazama viatu.

"Zilikuwa mpya," akasema, akizinyooshea kidole. "Na hadi leo ni mpya, sijazivaa tena." Kwa kweli kutoka nilipokaa, safu ya nne, nilikuwa naiona karatasi ya bei bado imebandikwa ubavuni.

Jioni ile, kwenye taarifa ya habari, kazi yake yote ilipewa muda usiofika dakika mbili, na yule mama hakuwemo, kwa sababu hakusema neno.

Hakuna aliyepiga makofi. Wanaowajua watu wa Kampala wanajua ni kazi gani kuwanyamazisha watu mia mbili Jumamosi jioni. Mpiga adungu aligusa uzi mmoja, akaacha.

Baadaye akapanda kijana kutoka Arua, akaanza kwa Kiswahili. Mtu wa nyuma akaita, "Afande!" na ukumbi mzima ukacheka. Mimi mtu wa Arua, niliyekua na lugha ya Kinubi na Kiswahili mdomoni, nilihisi damu ikinipanda. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba yetu tangu 2005, lakini mjini hapa bado wengi wakikisikia wanaona bunduki, maana ndiyo lugha ya jeshi. Kijana hakujali, akaendelea, na kufika katikati walikuwa wanamfuata. Lakini waandaaji wangeweka tafsiri ukutani. Projekta si ilikuwepo?

Sasa lawama yangu kubwa. Mimi ni mtu wa kimeeza, ile mijadala ya redio iliyofanyika hadharani. Wenye umri wangu wanakumbuka: Radio One pale Club Obbligato kila Jumamosi, redio ya CBS na kipindi chao cha Mambo Baado. Neno lenyewe limetokana na meza yetu, likawa limeza likubwa ambalo kila mtu analizunguka na kusema. Unaandikisha jina, zamu yako ikifika unashika maikrofoni, hata kama unauza vitenge. Serikali iliipiga marufuku mijadala hiyo Septemba 2009, wakati wa ghasia za Buganda, na tangu hapo sijashika maikrofoni. Basi nilidhani mwishoni wangetuuliza lolote. Wapi! Taa zikawaka, asanteni, usiku mwema. Mmetuletea Kiteezi, mmetuletea Lwera, na katikati yetu wamekaa watu wanaotupa taka na watu wanaojenga kwa ule mchanga, halafu mnatuaga?

Kijana wangu alijibu kwamba huenda waliogopa, si kila swali lina usalama. Hilo sikulipinga. Nchi hii Byron Kawadwa, aliyekuwa akiongoza Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, alichukuliwa na watu wa Amin mwaka 1977 akauawa. Lakini aliyethubutu kupanda jukwaani ameshathubutu. Nusu saa ya maswali isingewaua.

Mkienda, nendeni mapema, viti vya mbele, kwa sababu ya zile spika. Bebeni maji, ya pale ndani ni ghali. Msimpeleke mtoto mdogo. Mimi nitakwenda tena, na tiketi ya kijana nitalipa mimi.

Tulitoka na njaa, tukasimama kwa muuza rolex, chapati ya kukunjia mayai. Anapiga mayai, anatusikiliza tukibishana, akauliza nani amekufa. Kijana akaanza kumsimulia ya gambuti. Alipofika kwa yule mama akasema mama alilia.

"Hakulia," nikamkatiza. "Alitazama viatu. Anza tena."

Muuza rolex akapunguza moto.