Alinivunjia ufunguo ndani ya kitasa, halafu akadai nauli

Wiki kadhaa nimekaa na hasira hii, leo naitoa.

Nilikuwa nimeegesha gari karibu na ufukwe, Shangani, ndani nina ndoo ya pweza niliyonunua asubuhi. Rimoti imekufa betri. Nikasema si neno, ufunguo ninao. Nauingiza, unafika nusu, unagoma. Sisi wa Mtwara tunalijua hili: ukizoea kubonyeza rimoti, tundu la ufunguo linakaa miezi bila kuguswa, hewa ya chumvi inakula springi na vibati vya ndani mpaka vinashikana. Na mlango wa abiria hauna tundu kabisa.

Nikampigia fundi niliyeelekezwa. Alikuja upesi, hilo sikatai. Nikamwambia, "Kaka, usiulazimishe, kitasa kimeshika kutu, kilegeze kwanza." Hata hakuniangalia. "Mama, kaa kivulini huko. Gari utanifundisha wewe?" Akamimina oili chafu ya injini tunduni, ikachuruzika mlangoni mpaka kwenye kiatu changu. Akaubana ufunguo kwa plaizi, akazungusha. Ka! Kichwa kwenye plaizi, ulimi ndani ya kitasa.

Pole hakuna. "Hizi funguo zenu za kuchonga ndiyo shida." Wa kuchonga! Ufunguo uliokuja na gari kutoka Japani! Halafu anadai nauli ya bodaboda.

Haki yake nimpe: hakunikimbia, na ndiye aliyemleta mzee mchonga funguo kutoka sokoni. Mzee yule, Mungu amweke, alinisalimia kwanza, akaniuliza imekuwaje. Akakivuta kile kipande taratibu kwa kijiwembe cha msumeno wa chuma, akasafisha oili kwa petroli na bomba la sindano, akasubiri pakauke. Kisha akakwangua risasi ya penseli, akaupuliza unga wake tunduni. "Oili inanasa vumbi, mwanangu, mwezi ujao ungeniita tena. Huu ni mkavu, unateleza tu." Akaviunganisha vipande viwili, akachonga ufunguo mpya kwa kuufuatisha. Kitasa kikaitika mara moja.

Kwa hiyo yule fundi wa kwanza, kwa pancha labda mwiteni, maana anawahi. Hapana, nafuta. Nikikumbuka "kaa kivulini huko", na vioo vimefungwa, na jua lile, hata pancha simwiti.

Nauli yake nilimpa. Pweza niliwamwaga wote.