Kompyuta ndogo au MiSTer: ipi huitika upesi kwa michezo ya zamani?

Unabonyeza kitufe cha kuruka, mhusika anachelewa kidogo, na tayari ametumbukia shimoni. Ucheleweshaji huo ndio unaoamua ununue nini.

MiSTer, mashine ya kuchezea michezo ya zamani inayojengwa juu ya bodi ya DE10-Nano, haiigi konsoli kwa programu. Chipu yake ya FPGA hupangwa upya ifanye kazi kama saketi za mashine yenyewe. Ukiiunganisha na televisheni ya CRT (ile ya zamani yenye mgongo mkubwa), mwitikio wake unakaribia sana ule wa konsoli halisi.

Kwenye kompyuta ndogo, amri ina safari ndefu: kidhibiti, mfumo endeshi, programu, kisha kadi ya picha inayopanga fremu, yaani picha moja moja za mchezo, foleni. Fremu moja ni takriban milisekunde 16.7, mbili tatu zikikaa foleni, kidole kinahisi. Lakini RetroArch, programu ya kuiga konsoli kwenye kompyuta, ina mbinu ninayoipenda sana. Huhifadhi hali ya mchezo, hukimbiza fremu zijazo kimyakimya, hukuonyesha ya mbele, kisha hurudi nyuma. Hufuta hata ucheleweshaji uliomo ndani ya mchezo wenyewe! Ila kila fremu hupigiwa hesabu zaidi ya mara moja, hivyo tafuta prosesa yenye kasi kwa kila kiini, si viini vingi dhaifu. Anza na fremu moja ya mbele. Ukizidisha, picha huruka.

PlayStation 2 na GameCube? Kompyuta tu.

Mwenye CRT anayependa konsoli za biti 8 na 16 achukue MiSTer. Wengine wote ningewaambia kompyuta, na wawashe mpangilio wa michezo (Game Mode) kwenye televisheni.