Paybill ya mchango: nimeipa nyota tatu na nusu

Watu wameniuliza sana inbox kama hii paybill (namba ya kutumia pesa kwa simu) ya michango niliyotumia mwezi uliopita ni poa ama ni ya kula watu, sasa wacha niandike mara moja nipumzike. Jina sitalitaja, ziko kadhaa na zinafanana: unafungua ukurasa na kitambulisho, unaandika shida, unaweka picha, unapewa namba ya paybill na jina la akaunti, halafu unachagua watu wawili wa kuidhinisha kabla pesa itoke.

Stori yenyewe ni jirani yangu hapa Nyalenda, Kisumu, tumwite baba mapacha. Ni mtu wa boda. Jumanne moja akagongwa na gari ya probox karibu na Kachok, mfupa wa paja ukavunjika, probox ikatoroka. Hospitali walimpokea bila kuuliza pesa, na Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema hakuna mtu anyimwe matibabu ya dharura, sawa, lakini kupasuliwa mguu uwekewe chuma hiyo ni laini ingine, hapo unaulizwa SHA, ile bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF. Na SHA hakuwa nayo. Enzi za NHIF alikuwa analipa ile 500 yake kila mwezi bila shida, halafu SHA ilipoingia Oktoba 2024 akapigiwa hesabu ya 515 kwa mwezi, tofauti ni ya chai tu, shida ni kwamba wa jua kali, wasio na ajira rasmi, wanatakiwa walipe mwaka mzima kwa mpigo. 6,180. Mtu wa boda anatoa wapi 6,180 mara moja? Akasema atalipa baadaye, baadaye ikawa ndio hiyo.

Alhamisi jioni natoka job napata mama mapacha ameketi nje ya mlango wake na watoto wamelala juu ya mfuko wa nguo. Mlangoni kuna kufuli mpya ya shaba, sitika ya duka bado iko juu yake. Wamefungiwa juu ya kodi ya miezi miwili, 2,400 mara mbili. Uniform ziko ndani, jiko iko ndani, karatasi za hospitali ziko ndani, hata dawa ya kifua ya mmoja wa mapacha. Nikampigia keateka, yule anayeangalia ploti kwa niaba ya landilodi, akaniambia "madam mimi ni mtu wa kutumwa tu". Sasa mimi najua ile sheria ya Rent Restriction inalinda nyumba za kodi isiyozidi 2,500 na kwamba mwenye nyumba hafai kukutoa bila amri, nikamwambia hivyo, akasema basi niende huko kwa sheria nikalale. Saa mbili usiku hiyo sheria ofisi yake imefungwa bana.

Hapo ndio nikafungua ukurasa, nikiwa nimeketi kwa ndoo. Kufungua ilichukua kama dakika ishirini, na kwa kweli ni rahisi, lugha iko wazi, linki nikarusha kwa grupu ya ploti, ya kanisa, ya wasee wa stage na ya shule ya watoto. Kabla sijaingia kulala ilikuwa imefika elfu sita na kitu. Nikasema ah, hii kitu iko sawa.

Kumbe kuingia ni rahisi kutoka ndio kazi.

Ijumaa asubuhi naomba kutoa, naambiwa ukurasa bado unakaguliwa, tuma barua ya hospitali yenye muhuri. Barua iko wapi? Nyuma ya kufuli! Nikaenda wodini nikaomba ingine, nesi mmoja mzuri akaniandikia, muhuri ukawa na mtu ameenda lunch, nikangoja. Nikatuma saa tisa. Jumamosi wakakubali, sasa inataka wale waidhinishaji wawili, mmoja ni mimi na mwingine nilikuwa nimeweka mwalimu wetu wa Sunday school, na mwalimu alikuwa ameenda matanga Siaya mahali hakuna network, namba inaita "mteja hapatikani" kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu jioni. Kuomba kubadilisha mwidhinishaji kunahitaji, ngoja, huyo mwidhinishaji akubali. Nilicheka nikiwa peke yangu jikoni. Kastoma kea Jumapili ni roboti, inakuitikia "mteja wetu mpendwa" halafu inakurudisha mwanzo.

Kwa hivyo ile pesa iliyookoa watu haikutoka kwa paybill. Mama wa chama chetu cha kuweka akiba aliona stori kwa grupu akauliza swali moja tu, "mnataka ngapi leo?", akapitisha kofia ya simu na kabla ya saa nne usiku ile Alhamisi nilikuwa na 9,400 kwa namba yangu. Usiku huo huo tukamsajili na *147# na kulipa SHA ya mwaka. Ijumaa jioni nikampelekea landilodi mwenyewe 2,400, nusu ya deni, nikiwa na akina mama watatu nyuma yangu, hatukupiga kelele, tulisimama tu hapo kwa geti. Akafungua. Akasema alikuwa tu anataka "kuongea".

Sasa mbona nimewapa nyota tatu na nusu kama walinichelewesha hivyo? Kwa sababu ya kitu kingine. Mwaka juzi tulichangia mtu kwa namba ya mheshimiwa fulani wa grupu na hadi leo tunaulizana ile pesa ilifika ngapi, wengine walihama hadi grupu. Hii safari kila mtu aliona jumla ikipanda, ukituma 50 jina lako linatokea, na hakuna mtu ameniangalia vibaya nikinunua kuku. Ilifika 38,650 kwa siku kumi na moja, wakakata 1,739 yao, nikapokea 36,911. Binamu wa baba mapacha aliye Qatar alilipa na kadi moja kwa moja, kwa namba yangu hangeweza kirahisi. Hiyo ndio ilibeba vitu SHA haikubeba, deni lililobaki, na dipoziti ya chumba kingine cha 2,000 hapo nyuma, juu mama mapacha alikataa kabisa kuendelea kuishi kwa mtu aliyemfungia. Vitu vyote viliingia kwa mkokoteni mmoja. Jamaa wa mkokoteni alikataa pesa.

Kwa tano, nyota nzima nimekata kwa wikendi. Nusu ingine ni ya mjomba aliyetuma 1,000 akakosea herufi moja ya jina la akaunti, ikarudi kwake baada ya siku tisa, na siku tisa ni mingi ukiwa na mzee anakupigia kila asubuhi.

Ukitaka kuitumia, barua ya hospitali piga picha ukiwa bado wodini, weka mwidhinishaji mtu ambaye hatoki town, na ya usiku wa kwanza usiitegemee kabisa, tafuta mama wa chama.

Ukurasa bado uko wazi, sijajua kuufunga. Juzi mtu simjui ametuma 20. Baba mapacha ako na magongo, anashinda kwa mlango mpya akiwaelekeza wengine venye pikipiki inatengenezwa, na kila Jumatatu ile roboti inaniandikia kuniuliza kama mchango wangu umefikia lengo.